Wapiga vikumbo wa Boston: Mjukuu wa Kiwanuka na wenzake

UKIMTAJIA mpenzi wa spoti kutoka Ukambani jina la Boston, mawazo yake yatakwenda moja kwa moja kwa Cosmas Ndeti. Na ana haki. Mzaliwa huyo wa Machakos alishinda mbio za Boston Marathon mwaka 1993, akarudi akashinda 1994, kisha akarudi tena akashinda 1995. Ule ushindi wa 1994 aliupata kwa saa 2, dakika 7 na sekunde 15, ambayo ilikuwa rekodi ya barabara ile wakati huo. Mji huo ulimkaa moyoni kiasi kwamba mwanawe alimpa jina la Boston.

Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza Ndeti alipita wapi? Kabla ya kuingia mjini, wanariadha hukutana na mwinuko unaoitwa Mlima wa Kuvunja Moyo, karibu na kilomita ya 33, wakati miguu imekwisha kuwa mizito kama magogo. Anayefika juu akiwa bado na pumzi huona mnara wa mawe ukichomoza juu ya miti, na kando ya barabara wanafunzi kwa mamia wakipiga kelele za kumtia moyo. Hapo ndipo penye chuo kiitwacho Boston College, kilichoanzishwa na mapadre Wajesuti mwaka 1863.

Wanafunzi hao wanaowashangilia wakimbiaji wetu kila mwezi wa Aprili wana mchezo wao wenyewe wanaouthamini zaidi ya mbio, na ndio tutakaouzungumzia leo. Ni futiboli ya Kimarekani. Timu ya chuo hicho, inayojulikana kama Eagles, yaani Tai, ilianza kucheza mwaka 1893. Katika miaka hiyo yote imewatoa vijana waliosifika kwa jambo moja: kumgonga mtu mpaka uwanja mzima ukanyamaza kwanza ndipo ukashangilia. Mmoja wa hao ni damu ya Afrika Mashariki, mjukuu wa mtu ambaye jina lake limo katika vitabu vya historia vya Uganda.

Mchezo wenyewe ukoje?

Kwa msomaji aliye Mukuyuni, kule Kaiti katika Makueni, ambako ukisema mpira kila mtu anaelewa ule wa kupigwa teke, inafaa kwanza tuelezane. Mpira wa Wamarekani una umbo la yai. Kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi kumi, yaani mita tisa na kitu. Ikifaulu hupewa nafasi nyingine nne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kila nafasi hudumu sekunde chache tu, kisha refa hupuliza kipenga, watu wakajipanga upya.

Mtu wa maana kuliko wote kwa wanaoshambulia huitwa kotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira, akatazama mbele, akaamua amrushie nani. Wakati anatazama, majitu ya upande wa pili yanamjia mbio yakiwa na nia moja tu, kumlaza chini kabla hajaurusha. Anayefaulu kufanya hivyo huandikiwa katika kumbukumbu za timu, kama vile mfungaji wa mabao anavyoandikiwa kwetu. Nyuma ya majitu hayo wamo mabeki wa katikati, ambao wenyewe huwaita lainibeka. Kazi yao ni kunusa mpira unaelekea wapi na kufika pale kabla yake.

Wengi hudhani mchezo huu ni raga iliyovishwa helmeti. La hasha! Katika raga unaruhusiwa kumwangusha tu aliye na mpira, ni lazima utumie mikono kumkumbatia, na kumkaba juu ya mabega ni kosa. Katika futiboli ya Kimarekani hata asiye na mpira anaweza kuzuiwa kwa nguvu, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kukumbatia. Unaweza kumjia mwenzako na bega lako, ukampiga kikumbo na kupita zako. Helmeti na pedi za mabega, ambazo ziliwekwa ili kumkinga mchezaji, zimemfanya pia ajione kwamba hawezi kuumia. Ndiyo maana vikumbo vya huko ni vikali kuliko vya raga.

Tena si jambo la jana. Mwaka 1892 chuo cha Harvard, ambacho kiko ng'ambo ya mto tu kutoka Boston, kilibuni mbinu ambapo wachezaji walijipanga kwa umbo la kabari na kumvamia mtu mmoja kwa pamoja. Ilipigwa marufuku haraka, kwa sababu iliumiza vijana vibaya. Mwaka 1905 vifo vya wachezaji kote Marekani vilifika 18 hivi, na Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa vyuo Ikulu akiwataka wausafishe mchezo huo. Mwaka uliofuata sheria zilibadilishwa na kurusha mpira mbele kukaruhusiwa, ili watu waache kusongamana mahali pamoja na kupondana.

Mjukuu wa Jaji Mkuu

Tai wa Boston walikuwa na wagongaji wengi kabla ya huyu tunayemjia. Mike Ruth, aliyesimama katikati kabisa ya ngome yao, alitwaa tuzo ya Outland mwaka 1985, tuzo ambayo hupewa mchezaji bora wa mstari wa mbele katika vyuo vyote vya Marekani. (Wapenzi wa mchezo huu watanikumbusha kwamba mchezaji maarufu kupita wote chuoni hapo ni Doug Flutie, aliyeshinda tuzo ya Heisman mwaka 1984. Ni kweli, lakini Flutie alikuwa kotabeki mfupi. Yeye alikuwa wa kukimbia vikumbo, hakuwa wa kuvipiga.)

Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis tarehe 8 Machi 1983, wazazi wake wakiwa Waganda. Babu yake alikuwa Benedicto Kiwanuka, na hapa lazima tusimame kidogo, kwa maana vijana wengi wa siku hizi hawamjui.

Benedicto Kiwanuka aliongoza chama cha Democratic Party. Mwaka 1961 akawa Waziri Kiongozi wa Uganda, na tarehe 1 Machi 1962, nchi ilipopewa serikali ya ndani, akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Hakudumu. Aprili mwaka huohuo alishindwa katika uchaguzi, na ni Milton Obote aliyeipokea bendera ya uhuru mwezi wa Oktoba. Mwaka 1969 Obote alimtia kizuizini. Idi Amin alipotwaa mamlaka Januari 1971 alimfungulia, kisha akamfanya Jaji Mkuu. Mtu mwingine angenyamaza, ale mshahara wake kwa amani. Yeye hakunyamaza. Septemba 1972 aliamuru Mwingereza mmoja aliyekuwa amekamatwa na wanajeshi bila sheria aachiliwe huru. Siku chache baadaye, tarehe 21 Septemba, watu wa Amin walimfuata katika Mahakama Kuu jijini Kampala, wakamburuta mchana kweupe mpaka kwenye gari. Hakurudi tena, na kaburi lake halijulikani.

Basi mjukuu wa mtu huyo alikulia Marekani, mrefu kama mlingoti, na mwaka 2001 akaingia Boston College. Alikuwa na urefu wa mita 1.96 na uzito wa kilo 120 hivi alipokomaa. Hebu fikiria, msomaji: gunia la mahindi ni kilo 90. Chukua gunia hilo, ongeza theluthi moja ya jingine juu yake, kisha ulitie miguu yenye uwezo wa kukimbia kama mtu wa mita mia. Kukumbana na Kiwanuka uwanjani kulikuwa sawa na kugonga mkuyu ulioipa Mukuyuni jina lake, ila mkuyu hauna tabia ya kukufuata.

Na jina lenyewe! Katika imani za jadi za Baganda, Kiwanuka ni mungu wa radi. Sidhani makotabeki wa Marekani walilijua hilo, lakini walilisikia mwilini. Mpaka anamaliza masomo mwishoni mwa 2005, Kiwanuka alikuwa ameandikiwa kuwalaza makotabeki mara 37 na nusu, rekodi ya chuo. (Hiyo nusu isikushangaze. Wawili wakimwangusha mtu kwa pamoja, kila mmoja huandikiwa nusu.) Aprili 2006 timu ya New York Giants ilimchukua katika raundi ya kwanza ya mgawo wa wachezaji, akiwa wa 32 kati ya vijana wote nchini.

Mpaka hapo ni hadithi ya kupendeza ya mtoto wa wahamiaji. Lakini kisa kinachomfanya mwandishi wa makala haya amkumbuke Kiwanuka kuliko wagongaji wengine wote si kikumbo alichopiga. Ni kile ambacho hakukipiga.

Siku alipoachilia

Ilikuwa tarehe 26 Novemba 2006 jijini Nashville. Kiwanuka alikuwa katika msimu wake wa kwanza wa kulipwa. Giants waliingia robo ya mwisho wakiwa mbele kwa alama 21 kwa sifuri dhidi ya Tennessee Titans, na mashabiki wao walikwisha kuanza kuhesabu ushindi. Titans wakarudisha saba, kisha saba nyingine. Zikiwa zimesalia chini ya dakika tatu, Titans walikuwa kwenye nafasi yao ya nne na ya mwisho, wakihitaji yadi kumi. Wakishindwa hapo, mchezo umekwisha.

Kotabeki wao alikuwa Vince Young, naye pia mgeni katika ligi. Alirudi nyuma kutafuta wa kumrushia. Kiwanuka akampita mlinzi wake, akamfikia, akamkumbatia kifuani kwa mikono miwili. Alikuwa amemkamata kabisa. Kilichobaki ni kumlaza.

Akamwachilia.

Alidhani mpira ulikwisha kutoka mkononi. Katika mchezo huo, ukimwangusha kotabeki ambaye amekwisha kurusha, refa hukuadhibu kwa yadi 15 na wapinzani huendelea kushambulia. Msimu huo marefa walikuwa wakali mno juu ya kosa hilo. Kijana akaona heri ajizuie. Lakini mpira ulikuwa bado kwa Young! Alipojikuta huru, akakimbia yadi 19. Titans wakasawazisha, na sekunde chache kabla ya kipenga cha mwisho wakapiga mpira kati ya milingoti na kushinda 24 kwa 21.

Usiku huo na wiki nzima iliyofuata Kiwanuka alichekwa na kulaumiwa kote Marekani. Magazeti ya New York hayana huruma. Kijana aliyelelewa kwa kusifiwa kwa kugonga alisulubiwa kwa kuachilia.

Mimi nasema hivi. Kuhusu mpira alikosea, hilo ni bayana. Lakini tazama swali alilokabiliwa nalo: uzito wa kilo 120, kasi yote ile, mwenzako mikononi, na muda wa kufumba jicho tu wa kuamua amwangushe au asimwangushe. Wengi huamua kuangusha, na akiwa amekosea, anayeumia ni yule mwingine. Yeye aliamua kinyume, na aliyeumia ni yeye mwenyewe. Makocha hawafundishi hivyo. Hata hivyo, nikiambiwa nimchague mmoja wa wagongaji hawa acheze dhidi ya mwanangu, nitamchagua yeye.

Wala hakuvunjika moyo. Mwaka 2007 alivunjika mguu mwezi wa Novemba na kuwatazama wenzake wakitwaa ubingwa wa nchi nzima, mchezo uitwao Super Bowl, Februari 2008. Lakini tarehe 5 Februari 2012 Giants walirudi kwenye mchezo huo, wakawashinda New England Patriots 21 kwa 17, na safari hiyo alikuwa uwanjani. Fainali hiyo ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa. Aliendelea na Giants hadi msimu wa 2014.

Mwenye chuma ndani ya paja

Katika kikosi hicho cha 2012 alikuwamo Tai mwingine wa Boston, Mark Herzlich. Huyu alikuwa lainibeka, na mwaka 2008 alichaguliwa mchezaji bora wa ulinzi katika ligi ya vyuo vya pwani ya Atlantiki. Alikuwa akigonga kwa furaha, kama mtu anayefungua mlango wa nyumbani kwake. Angeweza kuacha masomo wakati huo akaenda kulipwa mamilioni, lakini aliamua kubaki amalize mwaka wake wa mwisho.

Mei 2009 akaambiwa ana saratani ya mfupa katika paja la kushoto. Badala ya mazoezi akapewa dawa kali na miale, na madaktari wakamtia fimbo ya chuma ndani ya mfupa ili usivunjike. Wengi walidhani shukrani kubwa ingekuwa kuweza kutembea. Septemba 2010 alirudi uwanjani akiwa na fimbo hiyo ndani ya paja, akacheza msimu mzima, akagonga na kugongwa. Mwaka 2011 timu zote za ligi kuu zilimpita katika mgawo wa wachezaji. Giants walimchukua baadaye bila kishindo chochote, na miezi michache tu kupita akawa bingwa.

Aliyeandikiwa 532

Mwaka ule Herzlich akiwa hospitalini, Tai walimtumia kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Cincinnati ambaye vyuo vikubwa havikumpigania sana. Jina lake Luke Kuechly. Sura yake ilikuwa ya mwanafunzi wa maktaba, na umbo lake halikumtisha mtu.

Mwaka huo wa 2009 aliwaangusha watu mara 158. Mwaka 2010, mara 183. Mwaka 2011, mara 191. Jumla ni 532 katika misimu mitatu, wastani wa mara 14 katika kila mchezo. Kama umewahi kucheza mpira wowote ule, jaribu kufikiria kufika kwenye mpira kwanza mara 14 kwa siku moja, wiki baada ya wiki, kwa miaka mitatu. Mwaka 2011 alizoa tuzo ya Butkus, ya Nagurski na ya Lombardi. Carolina Panthers wakamchukua akiwa wa tisa mwaka 2012, na mwaka 2013 akawa mchezaji bora wa ulinzi katika ligi yote ya kulipwa.

Siri yake haikuwa nguvu. Kuechly alikuwa msomaji. Alitazama mikanda ya video ya wapinzani mpaka akajua, kwa namna walivyosimama tu, mpira ungekwenda wapi. Alikuwa akiwatangazia wenzake mchezo ambao wapinzani walikuwa hawajauanza. Kisha alifika, akainama, akaweka bega mahali pake, akafunga mikono, mtu chini. Hakuwa na vishindo vya kuoneshwa kwenye televisheni mara kumi kumi. Kwa maoni yangu, huyu ndiye mgongaji mkuu katika historia ya chuo kile, kwa sababu kikumbo ambacho mtu hainuki baada yake kinamhesabia mgongaji mara moja tu, naye alihesabiwa mara 532.

Na bado, msomaji, mwangushaji huyu stadi, aliyefuata mbinu sahihi, hakuponea. Misimu mitatu mfululizo, 2015, 2016 na 2017, alipata mtikisiko wa ubongo. Novemba 2016, katika mchezo uliooneshwa nchi nzima, aliondolewa uwanjani juu ya kigari akilia kwa kwikwi, machozi yakimtiririka, bila kuweza kujizuia. Waliomzoea akiwa mtulivu kama maji ya mtungini waliingiwa na hofu. Tarehe 14 Januari 2020 alitangaza kwamba ameacha. Alikuwa na miaka 28, umri ambao lainibeka yuko kileleni.

Kwa nini aliogopa?

Sasa tuingie jijini Boston kwenyewe. Kilomita chache kutoka Boston College kuna chuo kingine chenye jina linalofanana nacho, Boston University. Hicho ndicho chenye hifadhi ya ubongo za wanamichezo waliofariki, ambazo zimetolewa na familia zao ili madaktari wazichunguze.

Habari hizi zilianza na Mwafrika. Mwaka 2002 mchezaji mstaafu Mike Webster alifariki akiwa na miaka 50, baada ya miaka ya kusahausahau, kuchanganyikiwa na kulala ndani ya gari lake. Daktari kijana kutoka Nigeria, Bennet Omalu, aliyekuwa akichunguza maiti huko Pittsburgh, aliukagua ubongo huo kwa makini na kukuta protini iliyojirundika mahali pasipo pake. Aliandika matokeo yake katika jarida la madaktari mwaka 2005. Wakuu wa mchezo walimpinga vikali. Ugonjwa huo hujulikana kwa kifupi kama CTE.

Mwaka 2017 Dkt Ann McKee na wenzake wa Boston University walitoa matokeo ya kuchunguza ubongo 202 za wachezaji wa futiboli ya Kimarekani. Kati ya 111 waliocheza katika ligi kuu ya kulipwa, 110 walikuwa na ugonjwa huo. Kati ya 53 walioishia vyuoni, 48 walikuwa nao. Watatu kati ya 14 walioishia shule za upili walikuwa nao pia. Wenyewe walionya kwamba hesabu hiyo haimaanishi kila mchezaji ataugua, kwa sababu familia zinazotoa ubongo mara nyingi ni zile zilizokwisha kuona dalili. Hata ukipunguza kwa sababu hiyo, inabaki hesabu ya kutisha.

Jambo ambalo mzazi anapaswa kulijua ni hili: madaktari hao wanasema si kikumbo kimoja kikubwa kinacholeta CTE. Ni vingi, vikubwa kwa vidogo, vikirudiwa kwa miaka, hata vile ambavyo mchezaji hakuvisikia. Fuvu husimama ghafla lakini ubongo ndani yake huendelea kusogea. Helmeti hulinda fuvu lisipasuke. Haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike. Tena ugonjwa huo haujaweza kuthibitishwa kwa mtu aliye hai. Huthibitishwa baada ya kufa.

Sheria zimebadilika. Tangu 2008 vyuo vya Marekani vimepiga marufuku kumlenga mtu kichwani, na tangu 2013 anayefanya hivyo hufukuzwa uwanjani. Vikumbo vingi vilivyomfanya mzee fulani kuwa shujaa wa chuo miaka ya 1970 vingemtoa nje leo kabla ya mapumziko.

Na huku kwetu?

Utasema hayo ni ya Wamarekani. Si kweli kabisa. Mkenya Daniel Adongo, aliyecheza raga Afrika Kusini na New Zealand, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kuucheza mchezo huo maishani. Kuna vijana wetu wengine wanaotazama huko. Lakini la karibu zaidi ni raga. Machakos imewahi kuwa na mashindano yake ya Masaku Sevens, ambayo yaliwavuta vijana kwa maelfu, na katika shule za upili mchezo umeenea mbali kupita Nairobi na Nakuru. Mtoto wa Mukuyuni aliyepata nafasi katika shule ya mabweni anaweza kurudi likizoni akiwa amevimba shingo na kuwaambia nyinyi wazazi kwamba sasa yeye ni namba nane.

Msimkataze kwa hofu. Raga imewapa wengi nidhamu, karo na marafiki wa maisha. Lakini mwulizeni mwalimu wake maswali mawili matatu. Je, vijana hufundishwa kukaba kwa bega chini ya kifua, kichwa kikiwa pembeni ya mwili wa mwenzake, kabla ya kuingizwa katika mechi? Je, mazoezi ya kukabana hufanywa kila siku, au huwekewa kikomo? Na mtoto akigongwa kichwa, ni nani mwenye mamlaka ya kumtoa: kocha anayetaka ushindi, au mtu mwingine?

Dalili za mtikisiko wa ubongo hazihitaji mashine. Mtoto huonekana ameduwaa, huuliza swali moja mara mbili, hakumbuki matokeo yalikuwa ngapi, huyumba, huumwa kichwa, hutapika, hukerwa na mwanga. Si lazima azimie. Wengi hawazimii kamwe. Akionesha hata dalili moja, hutoka uwanjani papo hapo na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa, hata kama ni fainali. Akizidi kuumwa kichwa, akitapika tena na tena, au akisinzia isivyo kawaida, hapo ni hospitali bila kungoja asubuhi. Kurudi mchezoni ni suala la wiki, si siku, na kwa idhini ya daktari.

Kinachoua ni kugongwa mara ya pili kabla ya ule wa kwanza kupona. Mwaka 2011 huko Ireland ya Kaskazini, mvulana wa miaka 14 aitwaye Ben Robinson aligongwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya shule, akaruhusiwa kuendelea kucheza, akaanguka mchezo ukikaribia kwisha. Alifariki siku mbili baadaye. Wazazi wake walipigania jambo hilo mpaka shule za huko zikaandikiwa maagizo, nayo ni maneno machache ambayo mwalimu yeyote wa michezo anaweza kuyabandika kwenye mlango wa stoo ya mipira: ukishuku, mtoe.